Nyaya Zenye Alama za Meno

Benon alifika gereji jua likiwa limeanza kujificha nyuma ya Mlima Kigali, saa ambayo mtu mwenye adabu hampelekei fundi kazi. Lakini Benon na adabu hawajawahi kukutana. Alipiga honi getini kana kwamba sisi ni ng'ombe wake, akaliingiza lori uani, akashuka amekumbatia boksi la viatu.

"Mukunde, kuna kitu kidogo hapa," akasema. "Iko kazi ya dakika tu."

Kazi ya dakika! Nafanya umeme wa magari hapa Muhima chini, ukikaribia Nyabugogo, na sijawahi kuona kazi ya dakika ila midomoni mwa watu wasiojua bisibisi inashikwa upande gani. Nikafungua boksi. Ndani mlikuwa na redio kolo, ile ya madereva kuzungumza barabarani gari kwa gari, imezungushiwa waya wa maiki yake. Ubavu mmoja ulikuwa umebonyea.

"Unifungie kwenye rori leo leo. Mucyo anaenda nayo Kirehe kesho."

Mucyo ni mdogo wangu, ndugu pekee niliyebaki naye duniani. Tulikulia Karagwe, tukarudi Rwanda na mama, mama akatutoka, nikabaki naye mimi. Ni mtu mzima sasa, ana leseni ya lori, lakini ana moyo laini kama andazi. Kwake kila mtu ni mkubwa wa kuheshimiwa. Ukimkanyaga, anakuomba msamaha yeye. Nilimtafutia kazi kwa Benon nikijua kabisa kwamba Benon ni debe tupu, nikajiambia debe tupu halina madhara zaidi ya kelele. Jioni ile Mucyo alikuwa ameshakaa kwenye usukani, anachekelea kama bwana harusi.

Benon akanifuata nyuma nyuma akinifundisha kazi yangu. "Chukua umeme kwa betri moja tu. Nyekundu hapa, nyeusi hapa. Kwisha."

Lori lina betri mbili zilizounganishwa, umeme wake ni volti ishirini na nne; redio kama ile inakula kumi na mbili. Wajanja wa mjini huiba umeme kwenye betri moja, baada ya muda betri zote mbili zinakufa, halafu wanamsingizia jirani kwamba amewaroga. Huo ndio uchawi pekee niliokuwa naujua mimi, ujinga wa kuunganisha nyaya. Nikamwambia nitafunga konvata ya kushusha umeme, na fyuzi karibu na betri, na yeye akae mbali na mikono yangu.

Redio ilikuwa na nyaya mbili fupi, nyekundu na nyeusi, na ncha zake zilikuwa zimetafunwa. Hilo peke yake si ajabu. Sisi mafundi, koleo likiwa mbali, tunamenya waya kwa meno, na jino langu la mbele limemeguka kwa ajili hiyo. Lakini huyu aliyezitafuna hakumenya. Huyu aling'ata, akateleza, akang'ata tena, alama juu ya alama, na katikati ya nyuzi za shaba kulikuwa na kitu cheusi kimegandia. Nikadhani grisi.

Nikaweka waya mdomoni. Nikauma palepale alipouma yeye.

Chumvi... na ladha ya chuma...

Nikatema. Papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya ndizi mbivu zilizopondwapondwa, zilizolala chini mpaka zikaanza kuwa pombe. Nikageuka kutazama kama kuna mchuuzi getini. Hakukuwa na mtu.

"Hii redio ilikuwa ya nani?" nikamuuliza Benon.

"Ya dereva wa zamani. Munyakazi."

"Yuko wapi?"

"Aliacha kazi."

Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Kisha ghafla akakumbuka ana mtu wa kuonana naye Kimihurura, akaondoka kwa miguu, yeye ambaye hata msalani angekwenda kwa gari kama mlango ungeruhusu.

Nikaendelea na kazi. Konvata nikaifunga chini ya dashibodi, antena kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikampa Mucyo maiki ashike ili nijaribu mambo yakikamilika. Fyuzi bado ilikuwa kiganjani mwangu. Bila fyuzi njia ya umeme imekatika. Hilo halihitaji chuo.

Taa ya redio ikawaka.

Niliitazama fyuzi mkononi. Nikaitazama taa. Nikajisemea kwamba ni chaji iliyobaki ndani. Nilijua ni uongo, lakini ulikuwa uongo wangu mwenyewe na uliniridhisha.

Kssssss...

Mkwaruzo. Halafu pumzi. Mtu alikuwa anapumua kwa shida, kama aliyelaliwa na kitu kizito kifuani.

"Mucyo..."

Sauti ilikuwa ya chini, ya mbali, ya upole.

"Mucyo we..."

Na mdogo wangu, maiki mkononi, akaitika kama mama alivyomfunza.

"Karame!"

Itabidi nieleze, kwa ajili ya nyinyi msiojua. Kwetu, mkubwa akikuita, jibu la heshima si "naam" wala "abee". Ni "Karame". Maana yake, uishi sana. Yaani anayekuita unampa uhai kwanza, ndipo unauliza anataka nini. Vijana wa Kigali wengi wameiacha, wanaguna tu huku wanatazama simu. Mucyo hakuiacha. Nilikuwa nikimcheka kwamba ataitika hata akiitwa na mbwa.

Ndani ya redio pumzi ilitulia. Ikashuka moja ndefu, yenye raha, ya mtu aliyekuwa na kiu akapewa maji. Taa ikazimika.

Mucyo akapiga miayo. "Dada," akasema, "nimechoka ghafla."

Mzee Usumani, anayeshona viti vya magari upande wa pili wa ua, alikuwa anafunika cherehani yake aende msikitini. Akasimama na kile kitambaa mkononi.

"Nani amemwita kijana?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Redio."

"Na yeye ameitika?" Akasogea karibu. "Binti, sauti usiyemwona mwenyewe haiitikiwi. Hasa saa hii ya magharibi. Ukiitika umefungua mlango, na hujui anayeingia."

Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mawimbi tu, kuna dereva mwingine pale Nyabugogo anamtafuta Mucyo wake, na mji huu una akina Mucyo wa kumwaga. Nikamshauri awahi swala. Mzee Usumani hakukasirika. Aliinama kwenye mlango wa lori, akanusa, akaziba pua kwa kile kitambaa.

"Mbona kunanuka ndizi?" akanong'ona. Akaenda zake.

Nilimdharau kwa kuwa na pua nzuri kama yangu.

Safari ya kwanza ya Kirehe, Mucyo alirudi sauti imemkauka. Nikasema vumbi. Safari ya pili alirudi mashavu yameingia ndani na suruali ameifunga kwa kamba. Nikampeleka hospitali, daktari akamgusagusa, akamwandikia vitamini, kana kwamba nimempelekea kuku. Nyumbani alikaa kitandani akitazama mikono yake.

"Ananiita njia nzima, dada," akaniambia. Ilibidi niweke sikio karibu na mdomo wake. "Kila giza likianza kuingia. Anauliza nimefika wapi. Ni mtu mpole."

"Usimwitikie!"

"Nafunga mdomo. Unaitika wenyewe."

Nilikasirika. Nikashuka gerejini, jua likiwa linazama, nikapanda kwenye lori. Nikang'oa fyuzi. Nikang'oa konvata. Nikakata nyaya zote mbili, nikaitoa redio nzima nikaiweka juu ya meza yangu ya kazi, nyaya zinaning'inia hewani kama kamba za viatu.

Taa ikawaka.

Kssssss...

"Mucyo... leo nasikia vidole vyangu vya miguu."

Ilikuwa sauti nzima sasa. Nene, changamfu, imeshiba. Na chini yake, mbali sana, nikaisikia sauti nyingine nyembamba ikijibu. Karame. Ilikuwa ya mdogo wangu, aliyekuwa amelala nyumbani kwetu, kilima kizima kutoka pale.

Ndipo nikaogopa. Asubuhi nilikwenda dukani kwa Benon, papo hapo Muhima, nikamkuta anapanga mafuta ya injini kwenye rafu. Nikamshika kola.

"Munyakazi yuko wapi?"

"Nimekwambia aliacha..."

"Benon!"

Akachungulia nje kama kuna mtu anayesikiliza, kisha akaanza kulia. Machozi ya mtu mzima mnene ni kitu kibaya kukitazama.

"Rori ilianguka bondeni," akanong'ona. "Ilikuwa imejaa ndizi. Zikamwangukia zote, zikamfunika. Mikono ilibanwa. Nyaya za redio zilikatika, akaziunganisha kwa meno. Mimi nilikuwa mbele na pikapu, niko na redio ingine."

"Akakuita."

"Akaniita."

"Ukafanya nini?"

"Giza iko inaingia, Mukunde! Nasikia jina yangu tu, na mtu anahema. Nikasema hii si mtu. Wazee walitukataza kuitika vitu kama hiyo. Nikazima." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Walimpata asubuhi. Tangu hapo redio iko inaniita kila jioni, ndani ya boksi, bila umeme. Sikuitika hata mara moja. Mwisho nikachoka. Nikaiambia, niache mimi. Dereva mpya anaitwa Mucyo."

Nimewadharau watu wengi maishani. Wateja, madaktari, wachungaji wanaopiga kelele, mafundi wa betri moja. Pale dukani niligundua kwamba wote hao nilikuwa nikiwaonea. Dharau yangu yote ilikuwa haki ya mtu mmoja tu, aliyesikia mwenzake akiomba uhai akazima redio, halafu akamtaja mdogo wangu kama mtu anavyomwelekeza mgeni nyumba ya jirani. Sikumpiga. Kumpiga kungekuwa kumpa heshima. Nilimwachia kola, nikajipangusa mkono kwenye ovaroli, nikaondoka.

Jioni ile nilikaa mbele ya redio nikaisubiri. Taa ilipowaka sikungoja iseme. Nikabonyeza maiki.

"Munyakazi! Nyamaza unisikilize. Umekufa. Ndizi zako zimeoza na lori lako limekatwakatwa kuwa chuma chakavu. Aliyekuacha ni Benon, na hukuwa na ubavu wa kumfuata Benon. Umekuja kumnyonya mtu kwa sababu ana adabu! Hata kufa hujui. Mjinga mkubwa wewe. Rudisha ulichochukua, urudi kulala ulikolala."

Pumzi moja... mbili...

"Ni nani mwenzangu anayesema?" ikauliza, kwa upole mno.

Nilikuwa nimepandwa na hasira, na hasira yangu haijawahi kujificha nyuma ya mtu. "Mimi Mukunde, dada yake! Ukitaka mtu wa kusumbua, nitafute mimi!"

Kssssss...

"Asante... Mukunde."

Nikachukua nyundo. Niliipiga ile redio mpaka haikuwa redio tena, nikakusanya vipande, nikavitupa kwenye dampo. Niliporudi nyumbani nilimkuta Mucyo ameketi jikoni anakula maharage kwa mikono miwili, ananiuliza kwa nini sikununua chumvi. Sauti yake ilikuwa imerudi yote. Nilimgombeza kwa kumaliza chakula, nikaingia chumbani nikalia.

Aliachana na Benon. Sasa anaendesha gari la watalii, anawapeleka Akagera na kuwarudisha. Redio ya gari lake niliinunua mpya na kuifunga mwenyewe, na nyingine nikaiweka mezani kwangu ili akikaribia mjini tusemezane. Betri yake, fyuzi yake, kila kitu kwa utaratibu.

Lakini jina langu linaitwa. Jua likielekea kuzama naitwa kutoka kwenye spika za teksi niliyoifungua milango, au kutoka ndani ya injini iliyozimwa. Sauti ya mwanamume, au ya mama, au ya mteja. Mukunde... Siitiki. Simwitikii mtu yeyote, hadi aje anishike bega nione uso wake. Watu wa Muhima wanasema Mukunde ana dharau siku hizi. Wapumbavu. Dharau ninayo tangu zamani.

Juzi ilinyesha mvua tangu mchana. Mucyo alikuwa njiani kutoka Akagera. Mzee Usumani alikuwa anafunika cherehani yake, mimi nikiwa mezani nakaza skrubu, redio ikakwaruza.

"Mukunde..."

Nikaendelea kukaza.

"Dada... gari limelala ubavu... nimepita Kanombe... kifua kinauma... dada..."

Ilikuwa sauti ya Mucyo. Si iliyofanana na yake, ilikuwa yake, na kile kigugumizi kidogo alicho nacho akiogopa. Nikashika simu nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

"Dada... kuna mtu ananisikia?"

Mzee Usumani alikuwa amesimama mlangoni, mvua inamlowesha mgongo. Akatikisa kichwa. "Usiitike, binti. Nakusihi kwa Mungu. Usiitike."

Nilijua anachosema. Safari hii sikumcheka. Ikiwa ni yule mwingine, nikiitika namfungulia mlango kwa mkono wangu. Lakini ikiwa ni Mucyo, amelaliwa na chuma mahali gizani, anahema, anamwita mtu wake mmoja aliye naye, na mtu huyo amekaa kwenye kiti anamsikiliza na kunyamaza, basi mtu huyo anaitwa Benon. Kufa ningeweza. Kuwa Benon nisingeweza.

Nikabonyeza maiki.

"Karame," nikasema. "Karame, mdogo wangu. Nakuja."

Pumzi ikashuka. Ndefu... yenye raha...

Ndani ya gereji kukanuka ndizi.

Honi ikalia getini. Taa za gari zikamulika ua wote, na gari la watalii likaingia taratibu, limelowa, zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Mucyo akashuka anacheka, ananyanyua simu yake juu ili niione. "Ilikuwa ndani ya koti kiti cha nyuma, nimeona umepiga sasa hivi! Dada! Dada, uko wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie asiingie.

Hakikutoka kitu. Si neno, si mkwaruzo, si pumzi. Nikamgeukia mzee Usumani. Alikuwa ananitazama, anarudi nyuma kwenye mvua.

Nyuma yangu, mezani, redio ikaita kwa sauti yangu mwenyewe, na ukali wangu wote.

"Mucyo!"

"Karame, dada," akaitika, huku anavua viatu vyenye matope mlangoni.